Kozi ya bure, bando la kulipia: nilivyosoma takwimu nikiwa mtunza stoo Mwanjelwa

Kabla hujaunga bando kwa ajili ya kozi yoyote ya bure, fungua ukurasa wake uangalie kama somo lina maandishi. Kama ni video tupu, jua gharama yako imeshaanza kuhesabika. Hilo peke yake, ningeambiwa mwaka 2022, lingeniokolea hela ya kodi ya chumba.

Mimi ni mtunza stoo. Wakati huo nilikuwa kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa, Mbeya: saruji, nondo, mabati, misumari, rangi, mabomba. Nilimaliza kidato cha nne na D ya Hisabati na D ya Kiingereza. Hesabu zote za stoo zilikuwa kwenye leja na kwenye kadi zilizofungwa kwa kamba kwenye rafu. Mwisho wa mwezi tunahesabu mzigo, tunalinganisha na leja, na ni nadra mwezi kupita bila kitu kupungua. Kikipungua, macho yote kwa mtunza stoo, na wakati mwingine kinakatwa kwenye mshahara hata kama aliyekosea ni kijana wa kaunta aliyetoa mifuko minane akaandika sita.

Siku moja mzee, mwenye duka, akaleta kompyuta. Akaiweka mezani kwangu akasema, "Mama, kuanzia sasa vitu vyote viwe humu." Hayo ndiyo mafunzo niliyopewa.

Niliulizia chuo kimoja cha kompyuta mjini. Ada ningejikamua nikaipata, ila vipindi vilikuwa saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, muda ambao niko stoo napokea mzigo. Ndipo nikageukia mtandao, kwa simu, usiku, watoto wakishalala.

Ukitafuta kozi za bure kwa Kiingereza kwenye Google unaletewa orodha isiyo na mwisho, na kila tovuti inakuambia ujiandikishe kwanza. Nilijiandikisha kila mahali: Excel, biashara, uongozi, hata ubunifu wa mitindo, kwa sababu tu ilikuwa bure na ilikuwa na cheti. Barua pepe ikajaa jumbe za kunikumbusha niendelee na somo la pili la kozi ambazo nilikuwa nimeshasahau majina yake. Kuna raha fulani katika kujiandikisha. Unalala ukijiona msomi, na hujasoma kitu.

Tovuti moja ikaniomba kadi ya benki ili nijaribu siku saba bure. Nilikuwa na ile kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwa pesa za simu, na ndani yake kulikuwa na salio kwa sababu nilipanga kuagizia viatu vya shule vya mtoto. Nikaweka namba, nikaangalia video mbili tatu, kisha likaja wimbi la mzigo wa mabati na sikugusa kozi tena. Wiki ikapita. Asubuhi moja nikiwa kwenye daladala simu ikalia: salio limekatwa lote. Jukwaa hilo silitaji, maana masharti walikuwa wameyaandika, japo chini kabisa na kwa herufi za kutafuta kwa tochi. Tangu hapo, nikilazimika kuweka kadi naweka isiyo na kitu, na usajili naufuta siku hiyohiyo niliyojiunga. Kuna majukwaa yanayokuacha uendelee mpaka siku za majaribio ziishe hata kama umeshafuta, kuna mengine yanakutoa papo hapo. Vyote viwili ni nafuu kuliko kukatwa.

Baada ya hapo nikawa nachunguza bure ya kila tovuti kabla ya kuingia. Coursera na edX, ambazo zote zilianza mwaka 2012, zina kozi nyingi nzuri za vyuo vikubwa, lakini bure yake mara nyingi ni ya kutazama, pengine sehemu tu ya kozi: unasoma na kuangalia, majaribio yenye alama na cheti vimefungiwa upande wa wanaolipa. Kwenye edX njia ya bure huwa na tarehe ya mwisho, na ikifika hata masomo uliyokuwa unaangalia hayafunguki. Masharti hayo hubadilika, na kozi moja haifanani na ya jirani yake, kwa hiyo soma ukurasa wa kozi yenyewe, usiridhike na tangazo au na mtu aliyeisoma miaka mitatu iliyopita.

Coursera wana msaada wa ada ambao watu wengi hawajui kuwa upo. Unaandika kipato chako, kwa nini unataka kozi hiyo na utaifanyia nini, halafu unasubiri kama wiki mbili. Ombi ni la kozi moja. Ukitaka nyingine unaomba upya. Mimi niliandika habari za leja na mshahara unaokatwa, kwa Kiingereza changu cha kuunga, bila kunakili maelezo ya mtu, na nikakubaliwa. Tumia zile wiki za kusubiri kusoma kitu kingine, na usiombe msaada kwa kozi ambayo hujaonja hata somo lake la kwanza.

Bure ya kweli nimeikuta kwenye tovuti zisizopiga kelele. MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walitangaza OpenCourseWare mwaka 2001, na leo kuna masomo zaidi ya 2,500 ya chuo kile: maelezo ya mihadhara, mazoezi, mitihani. Hujisajili, hulipi, na hupewi cheti. Mengi yalikuwa juu ya kimo changu, lakini ni vizuri kujua yapo. Open University ya Uingereza wana OpenLearn tangu 2006, na huko ndiko nilikopata nafuu yangu ya kwanza. Kozi zao nyingi unaweza kuzipakua kama PDF au faili la Word, ukazima data, ukasoma. Nilianza na kozi yao ya hisabati kwa watu waliokimbia hisabati, Succeed with maths. Asilimia, uwiano, desimali. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu na ndiyo kwanza naelewa kwa nini bei ikipandishwa asilimia kumi halafu ikashushwa asilimia kumi hairudi pale ilipokuwa. Ukimaliza kozi unapata karatasi ya kuthibitisha ushiriki, bure.

Kwa kompyuta yenyewe nilienda GCFGlobal, ya taasisi moja ya hisani ya Marekani. Masomo ya Excel yameandikwa hatua kwa hatua na picha za skrini, Kiingereza chepesi, na unaingia bila hata barua pepe. Kwa mtu anayeanza kushika kipanya, mimi siijui sehemu bora zaidi.

Sasa turudi kwenye bando, kwa sababu hapo ndipo hela inapokwenda. Video ya saa moja kwa ubora wa 720p inaweza kukaribia GB nzima. Maandishi ya mhadhara huohuo hayafiki hata MB moja. Nilikuwa naunga bando la wiki, linaisha siku ya tatu, naanza kuomba la mkopo, na wiki inayofuata deni linameza salio kabla sijagusa somo. Simu nyingi huchagua zenyewe ubora wa video. Ukiacha hivyo, unalipia sura ya mwalimu ing'ae wakati unachohitaji ni kuona namba kwenye jedwali. Nilishusha hadi 240p, na pale namba zilipokuwa hazisomeki nikapandisha kwa dakika chache tu. Ila mabadiliko makubwa yalikuja nilipogeuza mpangilio: nasoma maandishi kwanza, yote, nikiwa nje ya mtandao, halafu naangalia video kwa kile tu ambacho sikuelewa. Mara nyingi kinachobaki ni dakika kumi. Vifurushi vya usiku navyo vinasaidia kwa anayeweza kukesha. Mimi nilikuwa naweka simu ipakue saa nane usiku huku nimelala, ila hakikisha programu nyingine hazijisasishi zenyewe, la sivyo unaamka bando limekwenda kwa mambo mengine.

Kiingereza kilinitesa. Kusoma naweza, polepole. Kusikiliza Mmarekani anayeongea kama anakimbiza basi, siwezi. Nikawa napunguza kasi hadi 0.75 na kuwasha maandishi chini ya video. Nilikuwa na daftari la maneno, na kila neno nililiandikia mfano wa stoo, si tafsiri ya kamusi. Siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazoweza kukufafanulia aya ngumu kwa Kiswahili, na kwa kazi hiyo nazisifu. Usiziombe orodha ya kozi tu. Nimeletewa viungo vya kozi ambazo hazijawahi kuwepo, na majina yake yanavutia kuliko za kweli. Kwa kutafuta kozi, Class Central inatosha: wanaorodhesha kozi za majukwaa mengi, na unasoma waliopita wanasema nini, ikiwemo malalamiko.

Kilichonifanya nisome kwa mpango hakikuwa kozi. Ilikuwa fomula moja.

Nilikuwa nimetengeneza karatasi mbili kwenye Excel: moja ya mauzo, nyingine ya bei. Nikajifunza VLOOKUP ili nikiandika jina la bidhaa, bei ije yenyewe. Nikajiona nimefika. Jioni mzee akakaa na miwani yake, akapitia, akanyamaza kidogo. Mzee hesabu zake ziko kichwani, hahitaji mashine. Akasema, "Mama, mashine yako inaniuzia nondo za milimita 12 kwa bei ya milimita 10."

Nilikagua karatasi ya bei, ilikuwa sahihi. Nikaandika fomula upya, jibu lilelile. Safari hii sikutafuta kozi ya Excel. Niliandika kwenye Google ugonjwa wenyewe, kwamba VLOOKUP inaleta thamani isiyo sahihi, na ukurasa wa maelezo wa Microsoft, maandishi matupu, ukanijibu. Fomula ile ina sehemu ya nne ambayo ukiiacha wazi inachukulia kwamba unataka jibu la kukaribiana, na kwamba orodha yako imepangwa kwa mfuatano. Yangu ilikuwa imepangwa kama rafu zilivyopangwa. Ilitakiwa iandikwe hivi: =VLOOKUP(A2,Bei!A:C,3,FALSE). Hiyo FALSE mwishoni ndiyo inayoilazimisha itafute jina lenyewe, isipolipata iseme haijalipata.

Nilipoiweka, nondo zikakaa sawa, na saruji ikaanza kuleta #N/A, yaani haijaipata. Jina lipo, bei ipo, inakataa. Nilizunguka usiku mzima mpaka nikaweka mshale mwishoni mwa neno nikaona umesimama mbali kidogo na herufi ya mwisho. Kijana wa kaunta alikuwa anabonyeza nafasi kila akimaliza kuandika "Saruji". Kwa macho ni neno moja, kwa kompyuta ni mawili. Kuna fomula inaitwa TRIM inayokata nafasi hizo, nayo nikaipata kwa kuuliza vilevile.

Tangu siku hiyo kila kitu nilichosoma kilitokana na jambo lililokwama mezani. Kesho mzee anataka kujua bidhaa zipi zimekaa zaidi ya miezi mitatu, basi leo nasoma tarehe kwenye Excel. Anataka muhtasari wa mauzo kwa wiki, nasoma majedwali egemezi (pivot table), yanayojumlisha namba zenyewe. Kozi nilizojiandikisha kwa sababu ya cheti nilizifuta zote, na barua pepe ikapumua. Nina rafiki, yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliyefanya kinyume: alianza kozi ya programu za simu kwa sababu kila mtu alisema ina hela. Hakuwa na programu ya kutengeneza wala mtu wa kumtengenezea. Aliacha somo la nne. Hakuwa mvivu, hakukuwa na kazi iliyomngoja asubuhi.

Faili lilipoanza kuwa zito, kompyuta inachukua muda mrefu kufunguka, kijana mmoja mteja wetu aliyesomea mambo hayo akaniambia, "Dada, hapo ulipofika Excel imeshakuzidi. Soma hifadhidata." Nikatafuta, nikaangukia kozi ya Chuo Kikuu cha Harvard ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, iliyo kwenye familia ya CS50, kozi za kompyuta za Profesa David Malan. Hii ya SQL anafundisha Carter Zenke. Kozi hiyo ina milango miwili: ukipitia edX unaweza kulipia cheti kilichothibitishwa, ukipitia tovuti ya CS50 yenyewe unasoma bure, unafanya kazi zilezile, zinasahihishwa na mashine, na ukikamilisha unapata cheti cha CS50 bure. Watu wengi wanaingia mlango wa kwanza hawajui kuna wa pili.

Kila mhadhara una maandishi yake, na hayo yalinitosha. Ila mazoezi hayafanyiki kwa simu, nisikudanganye. Unaandika ndani ya kivinjari kwenye kompyuta iliyoandaliwa huko kwao, na kwenye kioo cha simu ni mateso. Nilinunua laptopu iliyotumika, betri yake ikiwa haikai hata saa moja, kwa hela niliyopokea kwenye mchezo wa kina mama. Umeme ukikatika, na mimi nimekatika. Mtandao nilikuwa nautoa kwenye simu, na hapo kazi yenyewe haili bando sana kwa sababu ni maandishi yanayokwenda na kurudi.

Kuna zoezi moja mle ambalo sitalisahau. Unakuwa karani wa posta wa jiji la Boston, wateja wanakuja kulalamika vifurushi vyao havijafika, na wewe una hifadhidata tu: anwani, vifurushi, madereva, orodha ya kila kilichochukuliwa na kila kilichoshushwa. Unatakiwa ugundue kifurushi kiko wapi. Wenzangu wanaosomea kompyuta wanalalamika kwamba zoezi hilo linachanganya. Mimi nilicheka peke yangu. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila mwisho wa mwezi! Kilichopokelewa, kilichotoka, nani alikitoa, kilitakiwa kwenda wapi, kimeenda wapi. Sikujua sintaksia, yaani jinsi ya kupanga maneno ya amri, lakini nilijua pa kutafuta. Nililimaliza haraka kuliko mazoezi mepesi zaidi yaliyotangulia, ya vitu ambavyo sikuvijali. Ukiweza, chagua kozi ambayo mifano yake inafanana na maisha yako. Ikikosekana, tengeneza mifano yako kwa daftari la duka.

Kulikuwa na miezi niliacha kabisa. Mtoto aliugua, kisha duka likahamisha stoo, kisha nikaona aibu kurudi. Kozi zinazokwenda kwa mwendo wako zina ubaya huo: hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi. Kilichonirudisha ni makubaliano na mdogo wangu aliyeko chuo Iringa. Kila Jumapili ananipigia, namwelezea kwa Kiswahili nilichosoma. Nikikwama kueleza, najua sijaelewa. Yeye hajui SQL hata chembe, na ndiyo maana alifaa, maana haniachi nipite na maneno makubwa.

Sasa niseme habari ya makundi ya WhatsApp, kwa sababu watu wanaumia. Mara kwa mara linazunguka tangazo la kozi nyingi za bure zenye vyeti vya kimataifa. Unaingizwa kwenye kundi, unapewa PDF chache ambazo hata hivyo ziko wazi mtandaoni, na mwishoni unaambiwa cheti ni bure ila kuna ada ya uthibitisho, tuma kwenye namba hii. Shoga yangu alituma. Alicholetewa ni picha yenye mhuri na jina lake limekosewa herufi. Tovuti za kweli zinazotoza cheti zinasema hivyo kwenye ukurasa wao na zinapokea malipo kwenye tovuti yao, si kwa namba ya mtu. Alison, kwa mfano, masomo ni bure na cheti unalipia, na wanasema wazi. Nimesoma kwao, nikavumilia matangazo, sikununua cheti. Ukiona kiungo, usikibonyeze. Andika mwenyewe jina la taasisi kwenye kivinjari uone kama kozi hiyo ipo kwao.

Kuhusu vyeti kwa ujumla, tusidanganyane. Cheti cha kumaliza kozi ya mtandaoni si stashahada, na ukikipeleka mahali wanapotaka cheti cha chuo kinachotambuliwa na NACTVET, baraza la vyuo vya ufundi, au shahada, kitarudishwa. Mimi nimerudishwa. Kuna ofisi niliomba kazi ya karani wa takwimu, dirishani dada akazigeuza karatasi zangu mara moja tu, akaniuliza, "Cha chuo kiko wapi?" Nikaondoka.

Mahali pengine mambo yalikwenda tofauti. Mradi mmoja wa kilimo ulikuwa unatafuta watu wa muda mfupi wa kusafisha takwimu za wakulima wa kahawa Mbozi. Hawakuuliza sana karatasi. Walitupa kila mtu laptopu na faili lenye majina ya wakulima, vijiji na kilo, wakasema tuna saa moja, tafuteni matatizo. Kulikuwa na vijana wa shahada pale. Mimi nilianza na nafasi za ziada mwishoni mwa majina, maana nilikuwa nimeshaumwa na hizo. Kisha majina yaliyojirudia kwa tahajia mbili, kilo zilizoandikwa kwa O badala ya sifuri, tarehe ambazo mwezi umekaa mahali pa siku. Nilipata mkataba. Uliisha, kama mikataba inavyoisha, nikarudi stoo, ila sasa maduka mawili ya jirani yananilipa kuwatunzia mafaili yao, na mzee hanikati tena mshahara kwa sababu namwonyesha mstari, saa na jina la aliyetoa.

Nikiwa kwenye mradi ule nilikutana na watu waliosoma mambo mengine kwa njia hiihii. Bwana shamba mmoja alikuwa amesoma kozi kadhaa za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambazo ni bure pamoja na vyeti vyake. Muuguzi mmoja alikuwa anasoma OpenWHO ya Shirika la Afya Duniani. Kwa watoto wangu natumia maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yenye vitabu vya kiada, na hadithi za African Storybook kwa mdogo anayejifunza kusoma. Za Kiswahili zipo, na zimetolewa kwa leseni inayoruhusu kunakili na kuchapisha, kwa hiyo unaweza kumtolea na mtoto wa jirani bila wasiwasi.

Kama wewe ni mwalimu wa shule isiyo na intaneti, ulizia Kolibri. Ni programu ya bure, ina sura ya Kiswahili, unaiweka kwenye kompyuta moja, unapakua masomo mara moja mahali penye mtandao, yakiwemo ya Khan Academy, kisha wanafunzi wanaunganisha vifaa vyao kwenye kompyuta hiyo bila bando lolote. Shemeji yangu anafundisha sekondari ya kata huko Rungwe. Tulipakua mjini wikendi moja, akabeba kompyuta kwenye basi imefungwa kwa khanga. Shida aliyoipata si ya programu. Ni kwamba wanafunzi walikuwa wengi kuliko vifaa, akalazimika kupanga zamu.

Kwa anayeanza leo na simu tu, mimi ningesema hivi: wiki ya kwanza usijiandikishe popote. Andika kwenye karatasi jambo moja la kazini au la biashara yako linalokusumbua, litafute kwa maneno ya tatizo lenyewe, na mbele yake uongeze filetype:pdf ili Google ikuletee maandishi ya kupakua. Soma hayo. Ukiona bado unataka zaidi, ndipo utafute kozi, moja, na uangalie ratiba yake: ikisema saa tano kwa wiki na wewe una saa mbili, wiki moja yao ni wiki mbili na nusu zako, panga hivyo mapema usije ukajiona mjinga katikati. Tenga bando la kozi kwenye laini yake ikiwezekana. Laini ninayosomea haina WhatsApp, na hilo limenisaidia kuliko ushauri wowote wa nidhamu.

Kwa sasa niko kwenye takwimu zenyewe, kitabu cha Introductory Statistics cha OpenStax, wale wa Chuo Kikuu cha Rice wanaotoa vitabu vya chuo bure. Nasoma sura kwa sura mtandaoni badala ya kupakua PDF nzima, ambayo ni nzito. Niko kwenye mgawanyo wa kawaida (normal distribution) na sijauelewa vizuri, na mdogo wangu ameshanirudisha nyuma Jumapili mbili mfululizo. Nausoma kwa simu. Laptopu iko kwa fundi pale Kabwe, imekufa kioo, na fundi anasema kioo cha aina ile kinatoka Dar.